Kisahani cha Uani kwa Shambuyi

Siku ile uani walikuwepo Shambuyi na mkewe Mwambuyi, pamoja na mapacha wao wa kiume, Mbuyi na Kabanga, ambao ndio waliowapa wazazi majina hayo. Kwa Waluba wa Kasai ukishazaa mapacha, jina lako la zamani linapumzika. Alikuwepo Tata Musa, mwenye lori; tata kwetu ni baba, neno la heshima. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Ngoy, na Feza ambaye ndiye kitinda mimba wetu. Mjomba wetu wa Lubudi alifika mambo yakiwa yameshaanza, na alifika vibaya, kama nitakavyosimulia. Na mimi nilikuwepo, mkubwa wa sisi watatu, nimeshika mkasi usio wangu.

Nimewataja wote kwanza kwa sababu wiki iliyopita binti wa Ngoy alipika gundi ya unga wa muhogo jikoni kwangu, kwa ajili ya kazi ya shule. Harufu ile ya uji uliochachuka kidogo, unaoanza kushika chini ya sufuria, ilinifikia nikiwa kwenye pindo la sketi. Niliacha kushona. Mtoto akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nilikuwa nahesabu watu tu.

Wakati huo baba alikuwa ameshakufa, na mama alikuwa amemfuata. Tulikuwa tunakaa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya shaba ambayo hakuna aliyekuja kutufukuza, kwa kuwa kampuni yenyewe ilikuwa inaanguka na wenye kufukuza watu walikuwa nao wameacha kulipwa. Unga tuliopewa na kampuni kila mwisho wa mwezi ulikoma. Mashine za kampuni zilizokuwa zikinguruma upande wa Kingamyambo tangu tuzaliwe zilianza kunyamaza moja moja, na nakumbuka usiku wa kwanza wa ukimya ule, Feza alishindwa kulala na akaniuliza nani amezima.

Ukuta wetu ulikuwa ndio ukuta wa Shambuyi. Tangu mama alipozikwa, Mwambuyi hakuwahi hata mara moja kutuambia tuje tule. Alikuwa anasimama mlangoni na kuita, "Mbuyi, Kabanga, Ngoy, Feza," halafu jina langu, yote kwa pumzi moja, kama vile tumetoka tumbo moja. Ukishaitwa hivyo huwezi kujifanya umeshiba.

Shambuyi alikuwa mchoraji wa ramani na mashine katika ofisi ya kampuni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye penseli sikioni hata siku ya Jumapili, na alitembea taratibu kama anayeogopa kumwaga kitu. Wazungu walipoondoka kwa haraka, baada ya askari kupora mji, waliacha vitu vyao kwa yeyote aliyekuwa karibu. Injinia mmoja alimwachia Shambuyi boksi la michezo ya mtoto wake. Ndani mlikuwa na injini mbili za roketi za kuchezea, kila moja kama kidole gumba cha mtu mzima: karatasi ngumu iliyoviringishwa, baruti ndani, na tundu dogo chini. Mapacha walilijua boksi lile lilipofichwa. Baba yao alikuwa amewaahidi kwamba siku moja atawajengea kitu cha kuruka.

Halafu zikaanza nyimbo za usiku. Vijana walipita mitaani wakiimba kwamba Wakasai warudi kwao. Mapacha walizaliwa katika zahanati ileile niliyozaliwa mimi, na Kasai walikuwa wameiona kwenye ramani za baba yao tu. Nilipomwuliza Mbuyi kwao ni wapi, alinionyesha choo chao na mti wao wa parachichi. Wakasai walianza kuhamia kwenye kituo cha treni na magodoro yao, wakilala chini ya maturubai kungoja treni ambayo haikujulikana itakuja lini. Shambuyi aliachishwa kazi. Tata Musa, jirani wa nyuma, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Kasongo na ambaye alikuwa akisafirisha samaki na chumvi, alikubali kuwapeleka kituoni na mizigo yao siku ya Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo alikuwa anakuja Mjomba. Alikuwa ametuma habari kupitia dereva wa Lubudi: ukoo umekaa, umeamua. Ngoy aende naye Lubudi. Feza apelekwe kwa shangazi huko Sandoa. Mimi nilikuwa nimetafutiwa kazi katika nyumba ya watu huko Lubumbashi, nikabebe mtoto wao mgongoni na kuosha vyombo. Hawakuwa na nia mbaya. Hakuna nyumba hata moja iliyokuwa na unga wa kutosha midomo mitatu mipya. Lakini mama, siku za mwisho, alikuwa amenishika kidole na kuniambia nisiwaachanishe, nami nilikuwa nimeitika.

Sijui nani aliwaza roketi katikati ya hayo yote. Nadhani ni Mwambuyi. Alikuwa akifunga mizigo akalikuta boksi, akamwuliza mumewe anataka kufanya nini na zile baruti. Kituoni vijana walikuwa wanapekua mizigo ya watu. Mkasai akikutwa na baruti kwenye sanduku, hata iwe ya mchezo, nani atamsikiliza?

"Tupa mu choo," Shambuyi alisema.

"Batoto wako uliwaahidi," Mwambuyi akajibu. "Bataenda bila nyumba, bila shule. Hata hii nayo uwanyime?"

Shambuyi alitoa penseli sikioni.

Alichora kisahani. Alikuwa na karatasi nene za kuchorea, nyeupe, ngumu kama ganda, ambazo ofisi haikuzihitaji tena. Alitueleza kwamba roketi ndefu inahitaji mwavuli wa kuishusha, lakini kisahani hujishusha chenyewe, maana hewa inakizuia kwa upana wake. Kingekuwa cha vipande viwili vya duara, kimoja juu na kimoja chini, vimebanwa ukingoni kama chapati mbili, na katikati bomba la kuchukua injini. Feza aliuliza kama watu wote wanne watatosha ndani. Alikuwa amesikia treni haiji, na akaona Shambuyi ametafuta njia nyingine ya kufika Kasai. Hakuna aliyemcheka. Kabanga alimwambia kwamba yeye atakaa dirishani.

Kazi ya kukata alipewa Mwambuyi, kwa sababu alikuwa fundi wa kushona na mkasi wake ulikuwa haukati kitu kingine chochote zaidi ya kitambaa. Ngoy aliwahi kukatia kucha kwa mkasi ule, na siku hiyo alikiona cha mtema kuni. Kwa hiyo nilishangaa alipouweka mkononi mwangu.

"Kata wewe," aliniambia.

Nilikata duara la kwanza. Akalishika, akalizungusha kwenye mwanga wa mlango, akaliweka chini. "Tena." Nikakata la pili. Ili duara liwe kama kofia bapa, ni lazima ulitoe kipande chembamba kama cha papai, kisha uvute kingo mbili zikutane. Ndivyo anavyofanya fundi akitaka kitambaa bapa kifuate kifua cha mtu. Alinionyesha kwa blauzi yake mwenyewe, akaniambia nifanye. Nilifanya. Akapitisha ukucha kwenye mshono. "Tena." Mapacha na Ngoy walikuwa wanapaka gundi ya muhogo hadi kwenye nyusi na kucheka, na mimi siku baada ya siku nilikuwa pale nakata na kurudia, nikikaza meno.

Nilijua kwa nini. Au nilidhani najua. Watu waliokuwa wakiimba usiku walikuwa wa kwetu, watu wa Katanga. Dada za mama walikuwa na watoto miongoni mwao. Nikawaza kwamba hatimaye Mwambuyi amechoka nasi. Amelisha watoto wa watu wanaomfukuza, na sasa, siku zikiwa zimebaki chache, ananitoza kwa njia ya karatasi. Kila "tena" niliisikia kama mlango unafungwa. Sikulia. Nilikata taratibu zaidi, mpaka mkasi ukawa unapita kwenye mstari wa penseli na kuufuta. Duara lile la mwisho alilitazama muda mrefu, kisha akasema tu, "Paka gundi," akaenda kufunga masufuria.

Jumamosi asubuhi lori la Tata Musa liliingia kwa kurudi nyuma hadi karibu na uani. Mizigo ilipandishwa. Betri ya lori ndiyo ingewasha injini ya kisahani, kwa waya mbili ndefu, na Tata Musa alikubali kwa sharti kwamba hatasogea karibu. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya kuuzia samaki, lakini watu wazima wote wa Kolwezi walikuwa na vita vya zamani viungoni. Mlio wowote wa ghafla uliwarudisha chini ya vitanda vyao.

Kisahani kilihitaji fimbo nyembamba iliyosimama wima, ili kiifuate kupanda juu na kuanza safari kikiwa kimenyooka. Na hapo ndipo tulipokosea, wote, wadogo kwa wakubwa. Sisi ni watoto wa shaba. Katika mji wetu ukitumwa waya, unaleta waya wa shaba. Ndio tuliofungia milango, tuliotengenezea magari ya kuchezea, tuliotundikia nguo. Ngoy alileta kipande kinene, chekundu, kinachong'aa, akakichomeka ardhini, na Shambuyi mwenyewe, pamoja na michoro yake yote, alikitazama akaona ni kizuri.

Mbuyi aligusisha waya. Kikatoka kishindo cha mvuke, kama sufuria kubwa iliyomwagiwa maji, na moshi mweupe. Kisahani kilipanda kiasi cha goti. Kisha ile shaba, laini kama ilivyo, ikainama kwa adabu kuelekea barabarani, na kisahani kikaifuata. Kilipita chini ya tumbo la lori, ambako Tata Musa alikuwa tayari amelala kifudifudi, kikatokea upande wa pili, kikafukuza kuku wa watu, kikatoka kwenye geti kikiinuka, na pale getini kikamvua Mjomba kofia.

Alikuwa ndiyo anaingia. Alikuwa amevaa koti la suti, kwa kuwa alikuja kwa shughuli ya ukoo, na amebeba kapu tupu la kuchukulia nguo za watoto. Alisimama katikati ya moshi, kichwa wazi, akitazama kofia yake inavyofuka barabarani kando ya duara jeupe la karatasi. Mtu wa Katanga, amefika kwenye uwanja wa Mkasai, siku kama zile, na kitu chenye moto kimemrukia. Niliona uso wa Shambuyi unakauka. Kama Mjomba angepaza sauti, mtaa mzima ungekuja, na usingekuja kucheka.

Feza alimkimbilia, akaokota kofia, akaizima kwa kuipiga kwenye gauni lake, akamrudishia.

"Mjomba, haikukutafuta weye," alimwambia. "Ilikuwa inaenda Kasai."

Mjomba alimtazama. Akamtazama Tata Musa anavyotoka chini ya lori kwa kurudi nyuma, makalio kwanza, akiuliza kama imekwisha. Kitu kikamcheza mdomoni. Alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, akaingia uani moja kwa moja hadi kwenye ile fimbo iliyopinda, akaichomoa.

"Ninyi batu ba namna gani?" alisema. "Mulisimamisha na shaba? Shaba inapata moto, inainama. Mutafute chuma."

Chuma chembamba kilichonyooka hakikupatikana uani, maana kila kitu kilikuwa kimefungwa. Ndipo Tata Musa, kwa aibu ya kulala chini mbele ya watoto, alipofungua boneti na kutoa kile kijiti kirefu cha kupimia mafuta ya injini. Akakifuta kwa kanzu yake. Akasema lori haliendi popote bila kijiti hicho, kwa hiyo anayekipoteza atawabeba Wakasai mgongoni hadi kituoni. Mjomba alikishikilia mwenyewe kikiwa chini, akapima wima wake kwa jicho moja, akakanyagia udongo. Mimi na Mwambuyi tulikuwa tumeshabandika kiraka mahali karatasi ilipoungua. Injini ya pili ikaingia.

Kabanga ndiye aliyegusisha waya mara hii.

Sijui niseme kilikwendaje. Kilikuwa pale, kisha hakikuwa pale. Kulikuwa na mstari wa moshi tu, umenyooka kama uliochorwa na Shambuyi, na juu ya mti wa parachichi, juu ya nguzo za umeme, doa jeupe. Vichwa vilijitokeza juu ya kuta, na vingine vilikuwa vya vijana waliokuwa wakiimba usiku. Nao walikuwa wameinua nyuso, midomo wazi, kama sisi. Doa likasimama. Likageuka ubavu, na kisahani kikaanza kushuka, kikiyumba huku na huku bila haraka yoyote, mpaka kikatua juu ya turubai la mizigo ya lori, katikati kabisa, kama mtu aliyekata tiketi.

Tulicheka mpaka Ngoy akapata kwikwi. Shambuyi aliketi kwenye ngazi, akafuta macho, akasema kwamba angemwonyesha mkuu wake wa ofisi mchoro ule kama angekuwa bado na mkuu. Mjomba naye alicheka, ameshika kofia yenye tundu.

Ni Mwambuyi peke yake aliyekuwa hajacheka. Alipanda kwenye gurudumu, akakichukua kisahani, akaja nacho kwa Mjomba, akakigeuza juu chini.

"Tata, tazama huu mushono," alisema. "Umeenda na moto mpaka kule juu, umerudi. Unaona ulifunguka?"

Mjomba alitazama. Alisema haukufunguka.

"Ni mukono wa huyu." Alinionyesha mimi kwa kidevu. "Nilimupima wiki nzima. Mutoto wa mukono hivi unamupeleka kubebea batu mutoto?"

Nilisimama pale na masikio yangu yakawa ya moto. Wiki nzima nilikuwa nikidhani nahukumiwa. Kumbe nilikuwa naulizwa swali, na nilikuwa nimelijibu bila kujua.

Mwambuyi aliingia ndani ya nyumba iliyobaki tupu na akatoka amekumbatia cherehani yake, ile nyeusi ya kuzungusha kwa mkono. Nilikuwa nimejiuliza kwa nini haijapakiwa. Kila mtu alijua wanunuzi walikuwa wanazunguka mitaani wakichukua cherehani za Wakasai kwa bei ya mkate, na kwamba safari ya kwenda Kasai ilihitaji kila mkate. Aliiweka kwenye ngazi, miguuni pangu.

Mjomba alielewa kabla yangu. Alirudi nyuma hatua. Alisema, kwa upole lakini kwa wasiwasi, kwamba ukoo hauwezi kupokea zawadi hiyo kutoka kwa watu wanaofukuzwa. Watu watasema nini, na yeye atalalaje.

"Haiko zawadi," Mwambuyi alimkatiza. "Ni deni. Atanishonea mapasa patalo mbili. Mi naacha mashini kwake mpaka siku ile."

Kwa vijana wa leo deni la suruali mbili za mapacha huenda ni maneno ya kawaida. Kwa Mjomba yalikuwa kama kufuli. Katika ukoo wetu mtoto aliyeachiwa mali ya mtu haondolewi alipoachiwa, hata mirathi humsubiri. Mwenye mali akirudi, amkute palepale. Mwambuyi alikuwa ameishi na sisi miaka ya kutosha kulijua hilo. Mjomba alizungusha kofia mikononi, akipitisha kidole kwenye tundu. Mwishoni alimwuliza kama siku ile ni karibu au ni mbali.

"Mungu anajua," Mwambuyi alisema.

Mjomba alisema kama mkubwa anabaki na kazi mkononi, basi watoto wabaki wote watatu hadi mvua ziishe, ataona. Mvua ziliisha, akaja, akanikuta napachika vifungo vya shati la Tata Musa, akaacha kapu la mihogo akaondoka. Hakuuliza tena. Mimi shule niliiacha mwaka ule, sikurudi. Ngoy na Feza waliimaliza. Tulilala chini ya paa moja hadi Feza alipoolewa, na hiyo ndiyo habari ninayojivunia kuliko nyingine zote.

Lori lilipowaka, mapacha walikuwa wameshakaa juu ya magodoro. Nilikimbia pembeni na kamba ya kupimia, nikimwambia Mwambuyi asubiri kidogo, nichukue vipimo vyao. Alinicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Bado banakomea," alisema, yaani bado wanakua. "Ukipima leo, utashona ya batoto. Utabapima siku ile."

Wakaondoka. Baadaye tulisikia treni ilikuja, kisha tukasikia kwamba wengi waliugua njiani, kisha hatukusikia kitu. Kila anayekuja kutoka Mbuji-Mayi au Mwene-Ditu namwuliza kuhusu mapacha wawili wa mchoraji mrefu. Mmoja aliniambia anawajua, lakini walikuwa wasichana. Mwingine aliniambia kuna Kabanga fundi umeme, mnene. Nikamwuliza mnene kiasi gani, kiuno chake ni kama cha nani.

Kitambaa kipo. Ni tetroni nzuri ya kijivu, imekunjwa na karafuu dhidi ya nondo. Vipimo ndivyo sina.